Ndege Iliyoishia Laela

Kutoka Toronto mpaka Dar es Salaam ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee, na kama kuna mtu hapa Malangali, Sumbawanga, asiyelijua hilo, basi huyo hajawahi kupita mbele ya kibaraza cha Mzee Baltazari. Ukimwamkia tu shikamoo mzee, marahaba hujambo, kabla hujauliza habari za mguu unaomsumbua umeshapandishwa ndege. Unatolewa Toronto, unapitishwa juu ya bahari saa kumi na tatu, unateremshwa Addis Ababa, unapandishwa tena mpaka Dar, unalala hapo, asubuhi unarushwa hadi Songwe. Kuanzia Songwe unakalishwa kwenye gari: Tunduma, Laela, Mpui, Sumbawanga. "Siku mbili," mzee angesema, vidole viwili juu. "Na mimi ujanani, kutoka Ilemba bondeni kupanda huku kwa miguu, nilitumia siku mbili hizo hizo. Sasa niambie, nani yuko mbali?"

Sababu ya safari zote hizo ilikuwa Vitus, mwanawe wa kiume wa pekee, ambaye yuko Toronto miaka mingi akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha wazee wa Kizungu, anawalisha, anawageuza kitandani. Mzee hakuona ajabu yoyote hapo. Aliyeiona ni Adela, bintiye mkubwa, maana kazi hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya yeye hapa nyumbani tangu mumewe alipofariki akarudi kwa baba yake na sanduku moja na cherehani. Mvua zikikaribia kuisha yuko shambani anafukia majani kwenye matuta ya duara kama walivyofanya bibi zake, jioni anarudi kumkanda baba mguu, anamsongea ugali wa ulezi, anafua mashuka. Na wakati anamkanda, mzee anamhadithia safari ya Vitus.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakuishi nyumba moja na Mzee Baltazari! Kwake yeye, asiyekuwapo ndiye mwenye lake, na la waliopo alipewa yeye pia.

Lakini kiini cha maneno haya kiko kwenye mara mbili ambazo mzee alikaribia kufa akaacha. Mara ya kwanza kifua kilimbana kwenye baridi ya mwezi wa sita, hamezi hata maji, padri akaja akampa Mpako wa Wagonjwa. Adela akampigia mdogo wake huku analia, na Vitus akapanda ndege. Mzee alipoambiwa mwanao yuko angani, alifumbua macho akataka kuona. Sasa kuna ramani ya kwenye simu inayoonyesha ndege zote za dunia zikitambaa, vidoa vya njano; Vitus alikuwa amemwekea dada yake. Mzee akashika ile simu kifuani, akaisindikiza ndege bahari nzima. Vitus alipoingia mlangoni, mgonjwa aliketi mwenyewe akadai ugali na maharage. Baada ya wiki yuko kibarazani anawapandisha watu ndege.

Mwaka jana ikawa vile vile. Shangazi Evodia, dada yake mzee, aliyekuwa amepanda kutoka Ilemba kuja kuuguza, akapiga kigelegele. "Mwenye dawa yake kaja! Adela, wewe umehangaika mwezi mzima na vidonge, mwenzio kaingia tu mlangoni!" Alisema kwa furaha, hakuwa na nia mbaya. Adela alicheka pamoja na wenzake, kisha akaenda uani akasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshasuguliwa. Na siku ya kuondoka Vitus akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, safari nyingine uhakikishe kwanza. Kazini wameanza kunitazama vibaya, na mke wangu anasema nyie mnaniita kama mnaita bodaboda."

Maneno hayo Adela aliyameza, na kinachomezwa hivyo hakipotei.

Basi mwaka huu, mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unachoma mpaka kwenye mifupa, mzee akaanguka tena. Jumatano jioni jirani yao Hellena, muuguzi, alimpima mzee, akatoka nje na Adela. "Adela, mpigie mdogo wako. Safari hii usichelewe." Adela akasema nitampigia. Alikaa na simu mkononi mpaka mkaa ukawa majivu, wala hakupiga.

Msimtukane bado. Alikuwa na sababu, na ilikuwa sababu nzuri ya kuwaambia watu: je, baba akiinuka tena? Vitus akose kazi kwa ajili ya kikohozi? Lakini chini ya sababu hiyo ilikuwepo nyingine, nayo ndiyo iliyomshika mkono. Alitaka baba ainuke kwa ajili yake. Mara moja tu. Alitaka awe yeye aliyeingia na kikombe cha uji, mzee akaketi, na shangazi akapiga kigelegele. Ni wivu, ndiyo, mwanamke mzima mwenye mvi anamwonea wivu mdogo wake. Alikuwa anajua kuwa ni wivu na aliona aibu, na bado hakupiga.

Alhamisi mzee alifunga mdomo. Uji hataki, maji hataki. Adela alibembeleza tangu asubuhi, kijiko kinaenda kinarudi. Kufika alasiri mzee akafumbua jicho moja. "Umemwambia Vitus?"

Na Adela, kijiko kikiwa hewani, akasema, "Nimemwambia, baba. Anapanda ndege leo."

Mdomo ukafunguka. Mzee alikunywa kikombe kizima, akafutwa kidevu, akaomba kingine.

Huku kwetu watu wanaamini kwamba mgonjwa aliyeahidiwa mgeni haondoki kabla mgeni hajafika. Hata angekuwa amebaki ngozi na pumzi, atangoja. Adela alikua akiyasikia hayo, aliyaona kwa mama yake mzazi, na pale kitandani akili yake ikadaka jambo ambalo mtu wa mahali pengine asingelidaka: kama ndege iko angani, baba yupo. Basi ndege na ikae angani. Akishapata nguvu, akishaketi, nitamwambia kwamba Vitus kaahirisha safari, na watu wataona kwamba mzee kapona kwa uji wangu. Hivyo ndivyo alivyopanga. Njia ya mwongo fupi, lakini yeye aliipima kilomita elfu kumi na mbili.

Jioni mzee akataka ramani. Adela akaitafuta ndege inayotoka Toronto kuja Addis Ababa, akaipata, imejaa watu asiowajua, ndiyo kwanza imenyanyuka.

"Ile pale, baba."

"Amekaa dirishani?"

"Dirishani."

"Amekula?"

"Wanapewa chakula humo humo."

"Avae sweta," mzee akasema. "Huko juu baridi." Akalala, simu kifuani.

Alfajiri ya Ijumaa, Adela akiwa uani anapuliza jiko la mkaa, simu ikaita. Alikuwa Vitus. Kwa ramani yule kijana alikuwa juu ya Sudan, amebakisha kidogo atue. Kwa ukweli alikuwa kwenye basi la mjini Toronto, ametoka zamu, amechoka. "Dada, nimemwota baba. Yuko vipi? Nije?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu, njoo.

"Hapana, usije," Adela akasema. "Jana kanywa vikombe viwili vya uji. Anaendelea vizuri."

"Ahsante, dada. Mungu akubariki. Bila wewe sijui ningekuwa wapi."

Alirudi ndani. Mzee alikuwa macho, anachungulia kidoa cha njano. "Imetua!" akasema. "Imetua Addis. Mwambie asisahau mfuko wake humo ndani." Na kweli kutwa ile alikuwa na nguvu. Alicheka. Alikula nusu ya ndizi. Shangazi Evodia, aliyekuwa amefika kutoka Ilemba na kapu la samaki wakavu, akasema huyu hafi leo wala kesho, na Adela akafurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kwelikweli.

Mzee alikuwa na rafiki yake wa miaka mingi, Halfani, mfanyabiashara wa mjini, mwenye duka na magari yanayopeleka mizigo mpaka Kasesya mpakani. Mmoja na rosari yake, mwingine na tasbihi yake, walitaniana tangu wakiwa vijana nani atamzika mwenzie. Kila baada ya sala ya alasiri Halfani alikuja kumwona. Ijumaa ile mzee alimpokea kwa kelele. "Mwanangu yuko Dar! Kesho yuko hapa!" Halfani akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaenda kutangaza dukani. Mpaka jua linazama mji mzima unajua Vitus anakuja, isipokuwa Vitus.

Jumamosi mzee aliamka na madai. Anyolewe ndevu. Aletewe koti lake jeusi la harusi za watu. Atolewe kibarazani. Shangazi akapinga, upepo huu, kaka! Akajibiwa kwamba mtu anayevuka bahari hapokelewi kitandani. Wakamtoa, wakamfunika blanketi juu ya koti. Akaomba kikombe cha bati chenye maji safi, akakiweka mapajani.

"Cha nini, baba?" Adela akauliza, ingawa alijua. Mzee wa kwetu akitaka kuwaaga wanawe, anatia maji kinywani, anawatemea kichwani, anawataja majina na kuwaombea. Maji hayo Adela alikuwa akiyangoja kwa miaka.

"Cha kwenu. Vitus akifika mpige magoti wote wawili."

"Mimi nipo, baba. Si uanze na mimi?"

Mzee akamtazama. Macho yalikuwa yameingia ndani lakini yalikuwa yale yale. "Siwezi kumbariki mmoja. Nikifa mtatazamana vibaya. Nitawatemea pamoja, halafu nimwambie Vitus mbele yako, huyu dada yako ndiye aliyenibeba. Huko aliko hajui. Mimi najifanya kumsifu yeye kwa sababu yuko mbali, aliye mbali husifiwa ili arudi. Wewe nikusifu ili iweje? Wewe ni mkono wangu. Mtu anausifu mkono wake?"

Adela aliingia ndani. Alishika ukuta. Kitu alichokitaka miaka yote alikuwa amepewa, na amepewa akiwa mwizi. Alikimbilia uani, akapiga simu Toronto. "Vitus, njoo. Njoo leo. Njoo sasa hivi." Hakueleza zaidi, alilia tu. Vitus akasema anatafuta tiketi, lakini ndege ya siku ile imeshafunga milango, ataondoka kesho.

Aliporudi kibarazani, Halfani alikuwa ameshaketi kando ya rafiki yake. "Eh, Adela binti yangu, mgeni yuko wapi? Baba yako ananiambia alitua Songwe asubuhi."

"Shikamoo, baba," Adela akasema, na akaokota mji wa kwanza uliomjia kichwani. "Yuko Laela. Gari limeharibika."

"Laela? Lo, Laela si hapa tu!" Halfani akasimama. "Amin! Amin we!" Dereva wake akatoa kichwa dirishani mwa pikapu. "Nenda Laela kamlete Vitus. Mtoto wa Baltazari alale njiani na mimi nina magari?"

"Usijisumbue, baba, fundi ameshafika..."

"Usumbufu gani? Ni mwanangu yule." Na pikapu ikaondoka na vumbi lake.

Sijui mnaelewa ilivyokuwa. Mzee amenyolewa, koti limempwaya, kikombe mapajani, macho kwenye njia. Kila bodaboda ikipiga honi anainua shingo. Adela amesimama nyuma ya kiti, akimshikia blanketi, akitazama njia hiyo hiyo ambayo yeye tu alijua haina mtu. Jua lilishuka nyuma ya nyumba. Pikapu ilirudi ikiwa tupu. Amin alinong'ona na tajiri wake pembeni kwa muda, na Halfani akageuka, akamtazama Adela usoni. Kisha akamwendea rafiki yake, akainama. "Nimeambiwa fundi anamalizia," akasema kwa sauti ya furaha. "Kesho, inshallah."

"Basi nitangoja," mzee akasema.

Alingoja usiku kucha. Alingoja Jumapili, kengele za Misa ya kwanza, kengele za Misa ya pili. Hakukubali kikombe kiondolewe, kikawa kwenye kigoda karibu na kichwa. Adhuhuri shangazi alikwenda kuchota maji, Adela akabaki peke yake naye. "Bado yuko Laela?" mzee akauliza.

"Bado, baba."

Mzee akasema maneno machache, polepole, ambayo Adela aliyasikia yeye peke yake. Halafu akageuzia uso ukutani na akaenda. Maji yalibaki kwenye kikombe.

Vitus alipata habari akiwa kwenye foleni ya ndege, hajakanyaga hata ngazi yake. Alifika Jumanne jioni. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, viti vimepangwa, wanajumuiya wanaimba. Alipoteremka garini hakuna aliyemkimbilia kumpokea begi. Wanawake waligeuza shingo. Alilia juu ya jeneza akisema nisamehe baba, nisamehe baba, na waombolezaji waliitikia kwa ukimya, kama watu wanaokubali kwamba kweli ana la kusamehewa. Adela alikuwa amesimama umbali wa hatua chache tu. Alitaka kwenda kumshika bega, akashindwa.

Jumatano wakazika. Usiku wa kuamkia kuanua matanga Adela hakulala. Alihesabu. Angempigia Jumatano ile Hellena alipomwambia, Vitus angepanda ndege ya Alhamisi, ile ile yenye watu asiowajua. Angetua Songwe Jumamosi asubuhi. Angepita Laela, angepita Mpui, angeingia kwenye njia ya Malangali jua likiwa bado juu, na angemkuta baba kibarazani, amenyolewa, ana kikombe. Mzee alikuwa amengoja mpaka saa ya kufika ikapita, akaongeza usiku mzima, akaongeza na asubuhi. Hesabu hiyo Adela aliifanya kila upande, na haikubadilika.

Asubuhi Halfani alimkuta anapepeta mchele nyuma ya nyumba. Alikataa kiti. "Amin alifika Laela yenyewe," akasema. "Aliuliza kila gari, kila fundi. Binti yangu, mimi nimenyamaza, lakini usidhani sijui. Nilimdanganya rafiki yangu siku za mwisho za maisha yake, na sijui nilimdanganya kwa ajili ya nini. Sitasema neno. Ila mdogo wako anakula chakula peke yake, umeona?" Adela akaendelea kupepeta. Halfani akaenda zake.

Matanga kwetu hayaanuliwi mpaka ugonjwa uelezwe. Aliyemuuguza marehemu anasimama mbele ya ukoo, anaeleza ulivyoanza, dawa zilizotumika, nani aliitwa, pumzi ya mwisho ilitokaje, ili asibaki mtu na dukuduku. Mzee Clemens, msemaji wa ukoo, alipofungua kikao tu, Shangazi Evodia akashindwa kungoja zamu.

"Vitus mwanangu, nikuulize mbele za watu. Kaka yangu alinyolewa kwa ajili yako. Alivaa koti. Alikaa kwenye upepo mpaka jua likazama. Uliondoka Toronto Alhamisi, ndege yako ilionekana kwenye simu, ukaja kufika Jumanne. Siku zote hizo ulikuwa kwa nani? Dar kuna mwanamke?"

"Alhamisi?" Vitus akasema.

Aliwatazama watu wote, mmoja mmoja, akiwa haelewi, mpaka macho yake yakamfikia dada yake aliyekaa mkekani ameinamisha kichwa. Yakakaa hapo. Adela aliyasikia utosini. Vitus si mjinga, na kazi yake imemfundisha kumsoma mtu asiyesema. Akapumua.

"Nilichelewa, shangazi," akasema. "Ni kosa langu. Nisameheni."

Afadhali angepiga kelele! Afadhali angemnyooshea kidole! Angefanya hivyo, Adela angepata la kujitetea: miaka yote aliyofua mashuka, maneno ya bodaboda, vigelegele vya shangazi. Lakini amebebewa mzigo, na aliyembebea ni yule yule ambaye yeye alimwibia. Watu waliguna, mmoja akasema angalau amekiri.

"Aliyeuguza asimame," Mzee Clemens akasema.

Adela akasimama. Akashika nguzo ya turubai. Akaanza na kifua, na baridi, na vidonge, na watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akaacha, akaanza upya.

"Hellena aliniambia Jumatano nimpigie Vitus. Sikumpigia. Alhamisi nilimwambia baba kwamba yuko kwenye ndege. Hakuwepo. Ndege niliyomwonyesha ilikuwa ya watu wengine. Ijumaa Vitus alipiga mwenyewe, akaniuliza nije? Nikamwambia usije. Hakuna gari lililoharibika Laela. Mimi ndiye niliyemweka Laela. Nilimwita Jumamosi, nilipoona koti, na wakati ulikuwa umeshapita. Baba alikuwa anangoja atutemee maji sote wawili. Nilitaka anitemee mimi, nikatukosesha sote. Msimseme Vitus. Kama mna neno, neno ni langu."

"Yesu na Maria!" Shangazi Evodia akashika kichwa. Akajifunika khanga usoni. Nyuma ya watu Halfani alikuwa anazungusha tasbihi, anaitazama ardhi. Vitus aliinuka, akapita katikati ya viti, akatoka nje ya uzio bila kugeuka.

Mzee Clemens akasimama. "Ugonjwa umeelezwa," akasema. "Tuanue matanga."

Vitus alirudi jioni, akala, akalala chumba cha baba. Hakumsemesha dada yake. Asubuhi yake Adela alimpikia chai ya safari na viazi vitamu, akamfungia na karanga. Alivichukua, akasema ahsante, ahsante ya mtu na mwenye hoteli. Amin akapakia begi kwenye pikapu kumpeleka Songwe. Adela alisimama kibarazani karibu na kile kiti. Alikuwa amejiandalia maneno, lakini gari liliondoka nayo yako kinywani.

Akafagia uani. Akafua mashuka ya matanga. Alikuwa anayaanika simu ilipoita.

"Dada." Nyuma yake malori yalikuwa yanapita. "Niko Laela. Nimemwomba Amin asimame."

Adela akaacha kuanika. Shuka lilimdondoka mkononi.

"Baba alikufa akijua niko hapa," Vitus akasema. "Jana ulieleza yote, lakini hilo hukulieleza. Nilipofika hapa, baba alisema nini?"

Angeweza kumwambia kwamba hakusema kitu. Ingekuwa huruma, na asingejua mtu. Lakini alikuwa amechoka na huruma zake.

"Alisema, 'Mwacheni apumzike. Mtoto katoka mbali.'"

Upande wa pili lori lilipita, na jingine. Kisha akasikia kokoto zikisaga, mtu anaketi chini kando ya barabara, na kilio cha mwanaume asiyejua kulia. Amin alizima injini. Adela naye akaketi pale pale alipokuwa, kwenye udongo chini ya kamba ya nguo, simu sikioni, na hakuna kati yao aliyeikata.